Ni Nani Mwenyeji?

Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaifundisha watoto darasani, nao huicheka wakimfikiri yule mgeni mvivu aliyeamshwa alfajiri akalime. Lakini ni wachache waulizao neno hili: mgeni akiisha kupewa jembe, akalima siku ya tatu, akalima na ya nne, akalima hata mwaka wa arobaini, je, huyo aitwe nani? Wahenga hawakuitaja siku ya nne, kwa kuwa hawakuona haja ya kuitaja. Aliyekwisha kupewa jembe amekwisha kuwa mtu wa mji. Jembe lile ndilo hati yake.

Siku hizi limezuka neno jingine katika vijiji vyetu, nasi walimu haifai tulinyamazie. Watu husema, "Mgeni ni mgeni, hata akikaa miaka mia." Husemwa barazani penye kesi za mashamba, husemwa matangani, husemwa na vijana ambao mgeni huyo alipofika wao walikuwa hawajazaliwa. Twasema wazi kwamba neno hili ni la uongo, tena ni la dhuluma; na wasomaji wetu wakitustahimilia kidogo, tutaonyesha sababu zake.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, mwenyeji. Maana yake ni mwenye mji. Lugha yetu haikusema mzaliwa wa mji, wala mwenye damu ya mji. Ilisema mwenye. Na mwenye kitu ni nani, ila yeye aliye nacho, akitunzaye, aamkaye usiku kinapoharibika? Mwenye nyumba ni yule aezekaye paa linapovuja. Basi mwenye mji ni yule atengenezaye njia ya mji, achimbaye kisima cha mji, azikaye maiti wa mji. Mtu aweza kuzaliwa katika mji, akauhama, akausahau, na jina la mwenyeji likamfaa kidogo kuliko yule aliyekuja akakaa akautumikia.

Pili, tutazame jinsi jina la mtu linavyobadilika kwa kadiri ya mahali asimamapo. Mtu wa Bumbuli akiulizwa na jirani yake, "Wewe wa wapi?" atataja kitongoji chake au ukoo wake. Akiulizwa sokoni Lushoto, atasema ametoka Bumbuli. Akishuka mjini Tanga, yeye ni Msambaa. Akienda Mwanza, yeye ni mtu wa Tanga. Akifika Nairobi, ni Mtanzania. Na akivuka bahari hata London, wengi watakaomwona watamwita Mwafrika tu, wasiulize zaidi. Mtu ni yule yule, wala hakusema uongo mahali po pote. Kilichobadilika ni mwulizaji, na jambo alilotaka kulijua. Basi kuwa mtu wa mahali si kovu ambalo mtu huzunguka nalo mwilini popote aendapo. Ni kama kivuli, ambacho hurefuka na kufupika kwa kadiri ya jua liliposimama.

Hayo hayana ubaya wo wote. Ubaya waanza pale anapotokea mwulizaji wa namna nyingine, ambaye hataki kujua bali ataka kunyang'anya. Swali la "Asili yako wapi?" likiulizwa arusini ni mazungumzo mema, watu hutaja babu zao, huchekeana, hutaniana. Swali lile lile likiulizwa penye mpaka wa shamba ni panga. Maneno hayakubadilika hata moja. Ndiyo maana twawaonya wenzetu: mtu akiwauliza asili ya jirani yenu, tazameni kwanza amesimama wapi na mkononi ameshika nini.

Hebu tuchukue jambo lililo karibu nasi, la watu wa mkonge. Mwaka 1893 Mdachi mmoja, jina lake Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yalienea mashamba makubwa katika nchi yetu ya Tanga, toka Muheza hata Korogwe na pande za Pangani. Kazi yake ilikuwa nzito, na wenyeji walikuwa na makonde yao ya kulima, hawakuipenda. Kwa hiyo wenye mashamba walituma watu wakatafute vibarua mbali: Waha na Warundi kutoka magharibi, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, na Wamakonde wa huku na huku ya mto Ruvuma. Kila mmoja alifunga mkataba akapewa namba yake, wakaitwa manamba. Kwa jasho lao mkonge ulikuwa mali ya kwanza ya nchi. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000.

Kisha nyuzi zifanywazo viwandani, kama nailoni, ziliivunja bei. Mwaka 1967 serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba, lakini bei haikurudi, na mengi yakageuka pori. Manamba nao wafanye nini? Wengine walirudi kwao. Wengi hawakuwa na kwao tena; wazazi walikuwa wamekufa, nao wameoa hapa na kuzaa hapa. Wazee wetu, kwa hekima yao, waliwaonyesha mahali pa kulima. Walisema, "Fyekeni hapa, mkae." Hapakuandikwa karatasi, kwa kuwa mashahidi walikuwapo, na neno la mzee lilitosha.

Sasa mtazameni mjukuu wa yule manamba. Yeye amezaliwa hapa, na baba yake amezaliwa hapa. Kigoma hajaiona hata kwa safari moja. Kiha hakijui. Husema Kibondei au Kizigua kama sisi, na ngoma zetu azicheza. Amechimba makaburi ya wazee wetu, na mkewe amepika katika misiba yetu. Lakini yule mzee aliyempa babu yake shamba akifa, watoto wa mzee huja wakasema, "Ondoka, wewe ni manamba." Fikirini maneno hayo. Namba ile babu yake aliandikiwa na karani wa shamba, apate kujulikana siku ya mshahara. Leo imegeuzwa kabila, nayo yarithishwa wajukuu kama ugonjwa. Katika namba mna damu gani? Mna ukoo gani?

Na tuvuke mpaka pale Horohoro, tuingie Lungalunga, hata Kwale katika Kenya. Huko nako, tangu miaka ya 1930, Wamakonde kutoka Msumbiji walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Ni kabila moja na wale waliokuja Tanga, na kazi yao ilikuwa ya namna moja. Lakini yaliyowapata hayakuwa mamoja. Katika nchi yetu jina la Mmakonde lilijulikana, kwa kuwa Newala na uwanda wake ni kwao tangu zamani, na ni nani awezaye kumtambua kwa sura Mmakonde wa ng'ambo hii ya Ruvuma na wa ng'ambo ile? Huko Kenya jina hilo halikuwamo katika orodha ya makabila ya nchi. Basi watu wale walikaa miaka mingi baada ya uhuru wa mwaka 1963 pasipo kitambulisho. Na katika nchi ile asiye na kitambulisho ni kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba: hawezi kuweka fedha benki kwa jina lake, hawezi kuandikiwa hati ya shamba, hawezi kuajiriwa na serikali, hawezi kupiga kura. Watoto wao walizaliwa katika hali hiyo, na wajukuu pia.

Mwezi wa Oktoba 2016 mamia yao walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao. Tarehe 13 ya mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta aliamuru wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 walihesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 Wapemba, walioishi kwa uvuvi katika pwani ile kwa muda mrefu, nao walikubaliwa vivyo hivyo.

Twawauliza wale wasemao kwamba mgeni ni mgeni hata akikaa miaka mia: tarehe 12 Oktoba 2016 Mmakonde wa Kwale alikuwa mgeni, na tarehe 14 damu yake ilikuwa imegeuka? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Majirani zake Wadigo walimjua mwaka 2015 kama walivyomjua mwaka 2017. Hakuongeza kitu wala hakupunguza. Wenye mamlaka ndio waliofungua mlango uliokuwa umefungwa. Na kama mlango wafungwa na watu na kufunguliwa na watu, basi dhambi ya kuufunga ni ya watu pia. Tusiisingizie damu.

Tena yako ya Kongo, ambayo ni machungu zaidi. Kule Kivu wako watu wenye asili ya Rwanda na Burundi, na miongoni mwao ni Wanyamulenge wafugao ng'ombe katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1972 ilitolewa sheria iliyosema kwamba watu wa asili hiyo waliokaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950 ni raia. Mwaka 1981 ikatolewa nyingine iliyoifuta ile, ikisema raia ni yule ambaye wahenga wake walikuwa wa kabila lililokaa katika mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Mwaka 2004 sheria ikageuka tena, ikaweka siku ya uhuru wa mwaka 1960 kuwa kipimo. Mchungaji mmoja wa ng'ombe, akaaye mlima ule ule, penye boma lile lile, alilala raia akaamka si raia, kisha akaamka raia tena, na ng'ombe wake hawajahama malisho. Na ni babu gani wa mwaka 1885 aliyeandikiwa karatasi, mjukuu aende nayo mbele ya mkuu wa wilaya? Vita vilipozuka katika Kivu ya Kusini mwaka 1996, swali hilo la nani ni wa nchi lilikuwa miongoni mwa mizizi yake. Maneno ya "rudini kwenu" huanza kama mzaha wa barazani. Yakiachwa, huishia penye risasi.

Wako watakaotujibu, "Sisi tulitangulia kufika, aliyetangulia ndiye mwenye haki." Vema, tuulize habari za kutangulia. Wamijikenda, na Wadigo wakiwa miongoni mwao, husimulia wenyewe kwamba wahenga wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini. Koo nyingi za Wachaga husema zilikuja Kilimanjaro kutoka pande mbalimbali. Wangoni walitoka kusini ya Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na katika miaka ya 1860 wakakaa nchi ya Songea. Miaka isiyotimia hamsini baadaye walipigana na Wadachi katika Vita vya Majimaji, na mwaka 1906 wakuu wao, pamoja na Songea Mbano, walinyongwa. Wametoa roho zao kwa ajili ya nchi ambayo baba zao waliingia kama wageni. Leo ni nani athubutuye kumwambia Mngoni arudi kwao kusini?

Na sisi tukaao chini ya milima ya Usambara tungepaswa kuwa wa mwisho kusema neno hilo. Masimulizi ya Wakilindi yajulikana sana, na Sheikh Abdallah bin Hemedi aliyaandika katika kitabu chake. Yasema kwamba Mbegha alikuwa mwindaji wa Ungulu, na ndugu zake wa damu walimnyima urithi wa baba yake kwa kuwa alikuwa kigego. Aliondoka kwao akatangatanga, akafika Usambara mikono mitupu ila silaha zake na mbwa wake. Aliwagawia watu nyama, akawaulia nguruwe waliokula mazao yao, akawaamulia kesi zao, nao wakamfanya mfalme pale Vuga. Ndugu wa damu walimfukuza, na wasio ndugu wakampa kiti. Nchi iliyopata wafalme wake kwa mtu wa kuja, yawezaje leo kumdharau mtu kwa kuwa babu yake alikuja?

Wazee pia walikuwa na dawa yao ya ugeni, nayo ni utani. Wanyamwezi waliokuja pwani na misafara walikuwa watani wa Wazaramo. Mtani aliweza kumtukana mtani wake, na kumchukulia kuku wake, pasipo kesi; lakini mtani akifiwa, ni mtani wake aliyesimamia kazi za maziko. Wazee hawakuficha kwamba hawa ni wengine na wale ni wengine. Waliuweka wazi uwengine huo, wakaufanyia mzaha, wakaufunga kwa wajibu. Mtu aliyepewa wajibu wa kukuzika si mgeni wako tena.

Twajua pia kwamba wako watakaosema, "Walimu husema vizuri kwa kuwa hula mshahara, sisi tunaolima twaona ardhi imekwisha." Neno hili ni kweli, wala hatulidharau. Watu wameongezeka na ardhi haikuongezeka. Lakini fikirini yatakayofuata. Leo mkimfukuza mjukuu wa manamba, mtapata ekari zake mbili au tatu, na mwaka ujao ardhi itakuwa haba tena. Hapo mtamtafuta mgeni mwingine. Mtamwona mkwe aliyekuja kukaa kwa wakweze. Mtamwona mtoto wa dada. Kisha mtamwona mjane, ambaye aliolewa kutoka kijiji cha pili, na tangu siku mumewe alipozikwa mashemeji wameanza kumwita mtu wa kuja, ingawa amelima shamba lile miaka thelathini na watoto wake wote wametoka katika ukoo huo. Desturi ya kufukuzana haishibi. Ikiisha kuwamaliza walio mbali, hugeukia walio karibu.

Wala hatusemi kwamba kila apitaye njiani apewe shamba siku aliyofika. Wahenga nao walimpa siku mbili kwanza. Kijiji kina haki ya kumwangalia mtu, kumwuliza atokako, kuona kama ni mwizi au mchapa kazi. Tusemalo ni kwamba kuangalia huko kuna mwisho. Hakuwezi kuendelea hata kwa watoto wa watoto wake. Na kama wataka kipimo, chukueni hiki. Uliza, huyu hulima wapi, na kwa muda gani? Uliza, penye kazi ya kijiji na penye msiba, huonekana au haonekani? Uliza, shamba lake alipewa na nani, na mbele ya mashahidi gani? Mwisho uliza, akifukuzwa hapa, ataingia nyumba ya nani? Mtu ambaye swali hili la mwisho halina jibu, huyo kwao ni hapa.

Serikali yetu yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 walikaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakafyeka pori wakalisha nchi kwa mazao yao. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walianza kupewa hati za uraia wa Tanzania. Hapo awali ilikusudiwa kwanza watawanywe katika mikoa mingine, lakini kusudi hilo likaachwa, wakabaki penye mashamba yao. Nasi twaona ni haki, kwa kuwa mtu hawi wa nchi hewani. Huwa wa nchi mahali fulani, penye shamba lake, kisima chake na makaburi yake. Ikiwa taifa zima liliweza kuwapokea watu wengi hivyo, kijiji kimoja chashindwaje kumpokea mtu mmoja aliyezaliwa humo humo?

Basi neno letu kwa walimu wenzetu ni hili: msikieni mtoto anapomwita mwenzake manamba au mtu wa kuja, mkemeeni siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakulitunga yeye, amelisikia kwao. Neno letu kwa wajumbe wa halmashauri za vijiji ni hili: kesi ya shamba ikiletwa, waulizeni mashahidi na tazameni mipaka, asili ya babu msiipe nafasi ya ushahidi, kwa kuwa haionyeshi mpaka uko wapi.

Na kwa wazee wetu tuna neno moja la haraka. Nyinyi ndio mliowaambia watu wale, "Fyekeni hapa, mkae," au mlikuwapo baba zenu waliposema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Mwiteni yule mliyempa shamba, au mwanawe, au mjukuu wake, mwende pamoja mbele ya halmashauri mkaseme neno lenu likaandikwe, na watoto wenu wenyewe wakiwa wamesimama hapo wakisikia. Fanyeni hivyo mwaka huu. Siku kesi itakapoanguka, mzee aliyezikwa hawezi kuitwa barazani kushuhudia.